Mama Mkwe Kwenye Lango la Anga

Vijana wangu, mnaniuliza kwa nini wageni huingia kwenye michezo yenu ya mtandaoni asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana wameondoka wasirudi tena. Mmenionyesha hata michoro, mistari myekundu inayoteremka kama njia ya kutoka kilima cha Nyanchwa. Mimi michoro hiyo sijui kuisoma. Ninachokijua ni mabega. Mtu anayetaka kuondoka huanza kuondoka kwa mabega: yanashuka, yanageukia mlango, kichwa kinayafuata, na miguu ndiyo ya mwisho kupata habari. Ukiona mabega yamegeuka, umechelewa. Nimeyatazama mabega ya watu maisha yangu yote ya kazi, na kazi hiyo niliianzia Keroka, nyuma ya mabati.

Nasema nyuma ya mabati kwa kuwa ndipo chumba kilipokuwa. Bwana Kanti, aliyeniajiri, aliuza misumari, rangi, makufuli na mabati, kama baba yake alivyouza. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, binamu yake alifunga ofisi huko Kisumu, na kompyuta zilizobaki zikaletwa Keroka zikiwa ndani ya magunia ya mkonge, pamoja na mchezo mmoja wa vyombo vya angani. Nyingi tulizipanga kwenye stoo. Mbili hazikutoshea, kwa sababu simenti ilikuwa imeingia siku hiyohiyo, nazo zikavuka ua na kwenda kukaa kwa Saidi, fundi cherehani, katikati ya sare za shule na magauni ya harusi. Waya mmoja mweusi ukapitishwa juu ya ua, kutoka dirisha letu hadi dirisha lake. Huo ndio uliokuwa mtandao wetu. Ulifanana sana na kamba ya kuanikia nguo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake kubwa.

Asubuhi moja mpishi wa hoteli ya jirani alianika blanketi bichi juu yake, na anga nzima ikazimika, nyota na vyote. Wachezaji wakatoka vyumba vyote viwili wakipiga mayowe. Mpishi akadhani kuna moto, akachota ndoo ya maji na kulimwagia lile blanketi.

Kuna mambo niliyojifunza pale ambayo chuoni hamtayapata. Kipanya cha wakati huo kilikuwa na gololi ya mpira tumboni, nayo hula uchafu. Itoe, ioshe kwa sabuni, kisha vigurudumu vya ndani uvikwangue kwa ukucha, si kwa kisu. Mwisho wa waya pana kizibo. Kizibo kikilegea kila mtu anamshuku jirani yake, kwa hiyo anza na kizibo kabla watu hawajaanza kutajana kwa majina ya ukoo. Na skrini haipanguswi kwa mafuta ya taa. Nilifanya hivyo wiki ya kwanza, kwa kuwa ndivyo tulivyopangusa kioo cha taa nyumbani, na kwa siku nyingi vyombo vyetu vilisafiri ndani ya ukungu mzito kama ule wa Nyamira kabla jua halijaamka.

Somo kubwa kuliko yote nilipewa na Bwana Kanti. Alinikuta nimemnyang'anya mgeni kipanya ili nimwonyeshe upesi.

"Moraa," akaniita kando. "Mtu akija kununua nyundo, wewe unamfuata nyumbani kumpigilia misumari?"

"Hapana, Bwana Kanti."

"Basi kalia mikono yako."

Nikaikalia kwelikweli, chini ya mapaja. Tangu siku hiyo nimewafundisha watu kwa mdomo tu, mikono yangu ikiwa imekufa ganzi, na hakuna njia bora. Hata ninyi, mkiona mgeni anahangaika, kalieni mikono.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Unapewa chombo kidogo ndani ya kituo. Unatoka langoni, unachimba mawe yanayoelea, unarudi kuyauza, na pole pole unapata chombo kikubwa zaidi. Ukipigwa, chombo kinapasuka na unaanza tena langoni na kile kidogo. Anga yenyewe ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni, na nyota zilitambaa humo kama cheche zinazokataa kufa. Nilikuwa napenda kuitazama kabla wateja hawajafika. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, ilikuwa na kiti, na kiti chenyewe kilitazama nyota. Wasichana wa rika langu wangapi walikuwa na kiti cha namna hiyo?

Halafu alikuwapo Nyabuto.

Nyabuto alikuwa kinyozi wa pale stendi, kijana wa mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa amekusanya chombo kikubwa chekundu chenye bunduki mbele na nyuma, na tangu akipate hakuchimba tena jiwe hata moja. Aliegesha nje ya lango na kuwangoja wageni, kama kuku anavyowangoja kumbikumbi baada ya mvua.

Namkumbuka baba mmoja mkulima wa ndizi kutoka Nyamache. Aliingia, akavua kofia, akaiweka gotini, akakunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kumsaidia ng'ombe kuzaa. Nikamweleza vidude vya kubonyeza. Akatoka langoni. Tuu! Hata hakuwa amekaa vizuri.

Akanigeukia. "Mwanangu, nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu, baba. Ni mchezo."

"Huyo aliyenipiga ananijua?"

"Hakujui."

"Si angenijua kwanza?"

Mabega yakageuka. Akavaa kofia yake, akanishukuru, maana alikuwa mtu wa adabu, akaenda zake na hakuonekana tena. Na ng'ambo ya ua nikasikia Nyabuto akicheka hadi cherehani ya Saidi ikasimama.

Wageni wakawa wanaingia na kutoka hivyo, wiki baada ya wiki, hadi Bwana Kanti akaniita kwenye kaunta. Hakukasirika. Alikuwa anapanga makufuli kwa ukubwa, kazi aliyoifanya akiwa na jambo la kusema.

"Mashine ya kusaga mahindi," akasema, "mtu akija leo, atarudi. Unajua kwa nini? Kwa sababu unga unaisha. Hapa kwako nyota haziishi, lakini watu hawarudi. Shule zikifunguliwa kabla hawajaanza kurudi, naleta mashine ya kusaga."

Nami unga hunipigisha chafya hadi nikae chini. Nilirudi kwenye kiti changu nikaitazama anga ile kama mtu anayetazama shamba lililokwisha kuuzwa.

Ndipo tukaanza mikutano. Tulikutana Jumapili alasiri, kwa kuwa Jumamosi nusu yetu, sisi Wasabato, tulikuwa kanisani, na tulijadiliana kupitia madirisha, chumba kwa chumba, juu ya ua. Aliyetaka sheria kuliko wote alikuwa Mwalimu Ombati, aliyefundisha darasa la saba na kucheza kwenye mashine iliyokuwa kando ya ile ya Nyabuto kwa Saidi. Mwalimu alisema ulimwengu usio na sheria ni darasa ambalo mwalimu ametoka.

"Hata mimi nilipigwa!" Nyabuto akajitetea. "Nilipigwa hadi nikawa mwanaume!"

"Ulipigwa na nani?" akauliza Mwalimu. "Si wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kucheza hapa?"

"Nilijigonga kwenye mawe. Kwani mawe hayaumi?"

Tukapitisha kwamba mgeni asipigwe hadi achimbe jiwe lake la kwanza. Kesho yake Nyabuto akafungua chombo kipya kidogo, akakataa katakata kuchimba, akashinda mchana kutwa akiwasukuma wenzake kwenye mawe na kupiga kelele, "Mimi mgeni! Msiniguse!" Tukafuta sheria hiyo.

Saidi akaleta yake. Yeye ndiye aliyekuwa na Kiswahili kilichonyooka kutuzidi sote, kwa hiyo lolote alilolisema lilisikika kama tayari limeamuliwa. "Ndugu zangu, mgeni apakwe rangi nyeupe, iwe alama ya amani, na mweupe asiguswe." Kufikia Jumatano kila mtu alikuwa amejipaka nyeupe. Anga ikajaa watakatifu wenye bunduki.

Sheria ya tatu ilikuwa yangu, nayo nasikitika kusema ndiyo iliyofanya kazi vizuri kupita kiasi. Atakayempiga mgeni awapikie chai watu wa vyumba vyote viwili. Nyabuto akapika. Tatizo ni kwamba alikuwa na mkono wa chai: majani ya kutosha, maziwa ya kutosha, tangawizi kidogo. Haikuchukua muda watu wakaanza kuwasindikiza wageni hadi mbele ya bunduki yake kila ilipokaribia saa nne asubuhi. Kisha kikombe kikamwagikia kibodi, na kwa majuma mawili nikawa nafukuza siafu kutoka kwenye herufi.

Ninyi leo mnajadili mambo haya kwa kuandikiana kurasa na kurasa, naona. Sisi tulikuwa na madirisha mawili na mvua. Lakini nikisoma kurasa zenu namsikia Nyabuto mlemle, na Mwalimu, na Saidi na rangi yake nyeupe. Wote mna hoja. Na wageni wenu bado wanaondoka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka, na hayakugeuzwa na mkutano wowote.

Ilikuwa siku ya soko, na mvua ikaanguka mapema. Mama mmoja mtu mzima akaingia akipangusa miguu, kitambaa cha kichwa kimelowa, kikapu mkononi. Mikono yake ilikuwa na weusi ule wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni, nikajua ni wa upande wa Nyamira. Nikamkaribisha kama tunavyowakaribisha wamama wa umri wake, "Karibu, Mong'ina," nikampa kiti kilichokuwa wazi, ambacho kilikuwa mbele ya kompyuta.

"Namtafuta mtu," akasema, "lakini mvua kwanza." Akaitazama skrini. "Hii televisheni inaonyesha usiku wa wapi?"

Nikamweleza. Nikakalia mikono. Aliitikia kila neno kwa "mm," kama anayepewa maelekezo ya njia, kisha akashika kipanya kwa ncha za vidole, jinsi wanavyochuma majani mawili na chipukizi. Chombo chake kidogo kikatoka langoni taratibu, taa zake zikimeta, na mimi nikasahau kabisa kuomba dua.

Tuu!

Nikachukia. Nikaruka dirishani. "Nyabuto! Hata Mong'ina wa watu humhurumii?"

Sauti yake ikavuka ua, nene, yenye furaha: "Mwambie huyo mama arudi kwenye chai yake! Huku juu hakuna majani ya kuchuma!"

Niliporudi nyuma nilimkuta Mong'ina ameachia kipanya na kuinua kichwa, kama mtu anayesikia jina lake likisomwa redioni.

"Huyo," akasema, "ni Nyabuto kinyozi?"

"Ndiye. Unamfahamu?"

"Ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Amemwoa binti yangu. Mwambie mimi ni Bosibori."

Kwa wasio wa kwetu, lazima nieleze. Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita ensoni. Ni heshima yenye haya ndani yake, baina ya mtu na wazazi wa mwenzake wa ndoa. Mwanaume hamshiki mama mkwe mkono, hamtanii, hakai naye wakabanana kwenye chumba kidogo. Wakikutana kwenye kijia chembamba, mwanaume huingia kwenye majani, mama apite. Hivyo tu ndivyo nyumba mbili zinavyodumu bila kelele. Na sasa Nyabuto alikuwa amempasua wake vipande vipande na kumrudisha shambani kwa mdomo.

Nikavuka ua mbio kwenye mvua. "Nyabuto, uliyempiga ni Mong'ina Bosibori."

"Bosibori yupi?"

"Yule aliyekuzalia mke."

Sijawahi kuona mtu akipungua namna ile. Alishuka kwenye kiti, akaingia chini ya meza ya kukatia nguo, akajifunika sketi ya shule ambayo haijashonwa ukanda. "Tata!" akalia, kama tunavyomwita baba tukiumia. "Tata, nimekwisha! Mke wangu yuko kwao sasa hivi amekwenda kuwasalimia. Hatarudishwa!"

"Tulia tuchambue," akasema Mwalimu Ombati, aliyekuwa akingojea nafasi kama hii tangu azaliwe. "Swali ni moja. Ensoni inapita kwenye waya, au haipiti?"

"Haipiti!" ikasema sketi.

"Umeme unapita?"

"Unapita."

"Risasi yako ilipita?"

Sketi ikavutwa hadi ikafunika miguu.

"Haya. Mwili wake hukuugusa, hilo ni la kukutetea. Umegusa chombo. Chombo ni kitu gani? Ikiwa ni nyumba, umebomoa nyumba ya mama mkwe wako. Ikiwa ni nguo..."

"Mwalimu, nakuomba, nyamaza!"

"...basi umemvua hadharani, siku ya soko."

Nyabuto akapiga mguu wa meza kwa kichwa. Saidi akatoa pini mdomoni. "Mimi si Mgusii," akasema kwa upole, "lakini naona lile neno la majani ya chai halikupita kwenye waya. Lilipita dirishani. Hilo, ndugu yangu, sijui utaliita nini."

Tungeendelea hadi mvua ikatike. Lakini sauti ikavuka ua, tulivu, ya mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki: "Mwanangu Moraa! Hiki kitu nikitaka kutoka tena nabonyeza wapi?"

Tukatazamana. Vijana wangu, tangu chumba kile kifunguliwe, mgeni aliyepigwa na Nyabuto hakuwahi kukaa tena kitini. Hata mmoja. Nikamwelekeza kwa kupaza sauti, na kwenye skrini ya Saidi tukakiona chombo kidogo kikichomoza tena langoni. Mbele yake, katikati ya njia, kilikuwa kimeegeshwa chombo chekundu kisicho na mtu.

"Ondoka njiani!" Mwalimu akafoka.

Mkono ukatoka chini ya meza, ukapapasa, ukashika kipanya. Nyabuto hakuthubutu hata kutazama. Alirudi nyuma, akagonga jiwe, akagonga jingine, akajipenyeza nyuma ya la tatu, akakaa huko na mkia umetokeza, kama mtu aliyejificha kwenye mahindi na kanzu nyeupe. Mong'ina akapita katikati ya njia. Hakuharakisha. Akachimba jiwe lake la kwanza, akalirudisha, akaniita nije nione.

Baadaye nilimuuliza ni kitu gani kilichomrudisha kitini, kwa sababu nilitaka kukijua kwa ajili ya kazi yangu. Akafikiri. "Mvua ilikuwa bado inanyesha," akasema. "Halafu, mwanangu, yule kijana alinipisha njia akanionyesha mgongo. Mtu akikupisha njia, utakaaje bila kupita?"

Mvua ilipokatika akafunga kitambaa chake. "Mwambie mkwe wangu binti atarudi Jumapili, kama nilivyotumwa kusema. Na umwambie mimi nitarudi siku ya soko."

Akarudi. Akaja na dada zake wawili, na jirani yake, na mama mmoja waliyekutana naye njiani tu. Nusu ya soko lililokimbilia kwetu wakati wa mvua wiki ile lilikuwa limeona jinsi anga inavyotulia akipita, na watu wa mitumba na wa nyanya wakaingia kujaribu, vyombo vyao vidogo vikimfuata nyuma kama vifaranga. Kwetu dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe, na Nyabuto alilijua hilo hata kuliko Mwalimu. Aliniita dirishani akinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi Kisii.

"Dada Moraa, ni yupi?"

"Yule anayechimba."

"Na yule anayezunguka zunguka?"

"Dada yake mdogo. Huyo pia."

"Na yule aliyekigonga kituo?"

"Huyo ni muuza mitumba."

"Hana undugu nao?"

"Sijui. Nikamuulize?"

"Usiulize! Usimuulize mtu yeyote kitu chochote!"

Alishinda siku hiyo nyuma ya mawe. Siku ya soko iliyofuata pia. Chombo kikubwa namna ile, bunduki mbele na nyuma, kimejikunja kivulini kama paka aliyemwagiwa maji. Na Jumapili, kwenye mkutano, kabla Mwalimu hajafungua mdomo, Nyabuto akasimama dirishani kwa Saidi. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Mimi nina sheria," akasema. "Kila mgeni ahesabiwe ni mkwe, hadi ijulikane vingine."

Tulicheka hadi mpishi wa hoteli akatoka. Nyabuto hakucheka. "Mnacheka kwa sababu ninyi hamjaoa Nyamira. Chombo kidogo kikitoka pale langoni, mimi najuaje ni cha nani? Naweza kumpasua shangazi wa mke wangu hivihivi nikinywa soda! Siwezi kuishi hivyo."

"Itajulikanaje vingine?" akauliza Mwalimu, ambaye hakuna sheria aliyowahi kuiachia ipite bila kipengele.

Tukabishana, na mwisho tukakubaliana hivi: aliye na chombo kidogo ni mgeni, na mgeni ni mkwe. Unampisha langoni, humfyatulii, humtanii kupitia dirishani. Akishampiga mtu kwa mkono wake mwenyewe, ukwe wake umekwisha, naye amekuwa mwenyeji. Yaani uamuzi ni wake. Hakuna anayemtoa ugenini ila yeye. Saidi akaiandika kwa chaki ya kukatia nguo juu ya milango yote miwili.

Nimefanya kazi kwingi baada ya hapo, vyumba vyenye kompyuta mpya na waya zisizoweza kuanikiwa blanketi. Nimeona sheria za kila aina. Sijaona nyingine iliyotungwa na mtu aliyeiogopa mwenyewe.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Bwana Kanti aliingia na fundi wa mashine za kusaga, mwanaume mrefu mwenye utepe wa kupimia shingoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nikayasahau yote. Ilikuwa siku ya soko. Hapakuwa na kiti kilichobaki. Wengine walikuwa wameketi juu ya mifuko ya simenti wakingoja zamu, vikapu miguuni, wakielekezana kwa Ekegusii namna ya kulikwepa jiwe. Na kando ya dirisha, mikono yake ikiwa imekaliwa chini ya mapaja, Mong'ina Bosibori alikuwa akimfundisha muuza nyanya.

"Samahani mama," fundi akasema, akinyoosha utepe. "Inueni miguu nipime sakafu."

"Pima ukuta," akajibu Mong'ina bila kugeuka. "Miguu ina kazi."

Bwana Kanti akawahesabu kwa kidole. "Moraa. Hawa ni wapya?"

"Wachache. Wengine walikuja siku ya soko iliyopita, wengine ya kabla yake."

"Wamerudi?"

"Wamerudi, Bwana Kanti."

Akalirudia neno hilo polepole, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha akamshika fundi kiwiko. "Twende tukapime kule kwa ndugu yangu, Kisii mjini. Ana stoo kubwa, na hana mtu hata mmoja."

Nilitaka kupiga makofi lakini mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Waliopiga ni wengine. Habari ikavuka ua, na kwa Saidi wakaanza kugonga meza. Nyabuto, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mawe tangu asubuhi, akasahau kila kitu. Chombo chekundu kikaruka kutoka kivulini, kikazunguka kituo mara mbili kwa madaha, kikapita mbele ya lango kikiwa kimegeuka tumbo juu.

Mong'ina akatoa mkono mmoja chini ya paja. Akabonyeza.

Tuu!

Cherehani ya Saidi ikasimama. Kisha sauti ya Mwalimu Ombati ikasikika kutoka ng'ambo, ikitetemeka kwa raha ya mtu aliyekabidhiwa kesi ya maisha yake: "Amempiga mtu kwa mkono wake mwenyewe. Mong'ina si mgeni tena, ni mwenyeji! Na wewe Nyabuto, una chombo gani?"

"Kidogo," ikasema sauti nyembamba.

"Basi wewe ndiwe mgeni. Na mgeni ni nani?"

Kwenye skrini chombo kidogo kikachomoza langoni, kikasita. Mong'ina akakitazama, akajisogeza kitini, akatengeneza kitambaa chake kichwani. "Karibu, mkwe," akasema, akakipeleka chombo chake pembeni kabisa, kwenye mawe, ili kipite. Nyabuto naye hangeweza kumtangulia mama mkwe hata angepigwa tena, akakipeleka chake pembeni upande wa pili. Wakakaa hivyo, mmoja huku, mmoja kule, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu zake zote. Lango likabaki wazi katikati yao, na watu wa soko wakaanza kupita.